Bustani Isiyohitaji Mtu

Korido ya kituo cha afya ina vigae mia nne na kumi na viwili. Shangazi alivihesabu mwaka wake wa kwanza kazini, akaacha mwaka wa pili alipoona haviongezeki wala havipungui. Kilichokuwa kikipungua ni magoti yake. Miaka kumi na tisa anapiga deki pale. Fimbo ya dekio ilivunjika zamani, akaandika kuomba nyingine, akajibiwa kwamba ombi limepokelewa. Limepokelewa mpaka leo. Kwa hiyo anapiga magoti, anasukuma tambara kwa mikono kuanzia dirisha la dawa hadi mlango wa wajawazito, na akifika mwisho anageuka na kukuta nyayo za watu ishirini.

Daktari wa kituo hicho hicho alimwambia asipige magoti tena katika maisha yake. Alimwambia hayo akiwa ameinua miguu juu ya kiti ili Shangazi afute vizuri chini ya meza.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Naishi kwake, nakula kwake, na kwa kuwa nilisoma stashahada ya kilimo nikaishia katikati, pale nyumbani naitwa Profesa. Hulitamka kwa sauti ile ile anayofukuzia kuku. Nimezoea.

Siku moja alirudi kazini akaketi kabla hata ya kuvua viatu.

"Profesa, huko chuoni mlisoma maua?"

"Tulisoma udongo, Shangazi. Maua yalikuwa mwaka wa pili."

"Na mwaka wa pili wewe..."

"Sikuufika."

"Basi utanisaidia kwa udongo huo huo."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wakaguzi waliokuja mwaka uliopita walikipa kituo alama mbili kwa kumi upande wa mandhari, na wangerudi baada ya wiki kumi na mbili. Mbele ya kituo kuna kipande cha ardhi, hatua ishirini kwa sita, na wakati huo kilikuwa na tairi bovu, majani makavu na kibao kilichoandikwa USIKANYAGE MAUA. Kibao kilikuwa kimepakwa rangi mara tatu. Maua hayakuwahi kuwepo.

Katibu wa kituo, bwana mwembamba anayetembea na kalamu tatu mfukoni kana kwamba mbili zinaweza kufa siku moja, aliuliza kwenye kikao nani anajua maua. Kikao kizima kikamtazama Shangazi, maana wote wanajua kibaraza chake kina makopo kumi na manne na yote yana ua. Katibu akaahidi mbele za watu: bustani ikichanua siku ya wakaguzi, ataandika barua Shangazi awe mtunza bustani, na korido atapewa mtu mwingine.

"Mtunza bustani anaketi kwenye kigoda," Shangazi akaniambia, akiyasugua magoti. "Nimewaona. Wanaketi."

Hicho kigoda ndicho alichokuwa akikitafuta. Wengine wanaota magari.

Jumamosi tukaenda kwenye kitalu cha miche, pale barabarani malori yanapopinda. Mwenye kitalu tunamwita Bwana Miche. Ni mtu wa kukuuzia kitu kwa kukionea huruma. Alituonyesha mche wenye ua la zambarau, kubwa kama sahani.

"Huyu ni malkia," akasema.

"Malkia anakunywa maji mara ngapi?"

"Kila siku, mama. Na jua la mchana halipendi. Na ukimshika majani ananuna."

"Huyo muoe wewe," Shangazi akamjibu. "Mimi nataka ua lisilo na mama. Nimelea watoto wanne na korido moja. Nataka ua linalojilea."

Bwana Miche akakuna kichwa. Wateja wake huja na picha kwenye simu, wanataka kilichopo kwenye picha, wanakipeleka nyumbani, kinakufa, wanarudi kumlaumu. Hajawahi kuombwa ua yatima. Lakini akatuzungusha.

Tukachukua vinka, ya pinki na nyeupe, ambayo huota hata makaburini, na kule wenyeji hawana desturi ya kuamka kumwagilia. Tukachukua bogenvilia mbili za kuegemea ukuta. Bwana Miche akaeleza kwamba bogenvilia ukiibembeleza kwa maji inatoa majani tu, ukiisahau inakasirika na kuchanua. "Inachanua kwa hasira?" Shangazi akauliza. "Basi tutaelewana." Tukachukua na kile kijiua cha kutambaa, chenye majani manene kama vidole vya mtoto, kinachofunguka saa nne asubuhi na kujifunga mchana haujaisha. Shangazi akasema hizo ni saa za Katibu.

Mwisho, Bwana Miche akafungua gunia dogo. Ndani kulikuwa na vitunguu vya maua, vidogo, vyenye ganda la kahawia.

"Hivi haviliwi, mama. Ukila utatapika mpaka ukumbuke jina la bibi yako. Unavifukia, shingo inabaki nje, kama mtu anayeoga mtoni. Halafu unavinyima maji. Vinalala. Wiki saba, nane, havioni hata tone. Siku unayotaka, unavishtua kwa maji mengi, na siku ya tano au ya sita vinatoa maua yote kwa pamoja, hata majani bado hayajatoka. Lakini vikiwa vinalowa kila siku vinaoza, na hapo usije kwangu."

Shangazi alishika kile kitunguu kama mtu aliyeonyeshwa ufunguo. Ua unaloweza kulipangia siku. Wakaguzi wana siku yao, na maua yatakuwa na siku yao, ile ile.

Mimi nami nilitoa mchango wangu, wa mwaka wa kwanza: ardhi ile ilituamisha maji, kwa hiyo tukainua matuta na kuchanganya mchanga. Shangazi akapanga rangi. Virefu nyuma, vifupi mbele, na kila rangi kwa fungu lake. "Usiyatawanye kama unarushia kuku mahindi," akanifokea nilipojaribu kuchanganya. "Mtu aliye barabarani aone rangi, asione madoa." Nilichimba mimi. Yeye aliketi juu ya lile tairi akielekeza kwa mwiko, na nadhani ndiyo siku niliyomwona akiwa kazini na uso wa mtu asiyeumwa.

Sasa niwaeleze kuhusu daftari.

Kwenye mlango wa stoo ya kituo linaning'inia daftari la usafi, kwa kamba. Limechapwa makao makuu. Kila ukurasa una mistari: vyoo, korido, madirisha, taka, na wa mwisho, bustani, kumwagilia. Kila mstari una visanduku vitatu, asubuhi, mchana na jioni, na kila kisanduku kinataka saini. Katibu analipitia kila siku kabla ya kutoka. Kwake yeye kilichotiwa saini kimefanyika, na kisichotiwa saini hakijafanyika hata kama unakikanyaga. Kwa miaka yote hiyo wafagizi walikuwa wakitia saini, mara tatu kwa siku, kwamba wamelimwagilia tairi.

Bustani ilipopatikana kweli, dhamiri zao ziliamka. Wafagizi wenzake Shangazi ni wawili. Yupo Kibonge, mwanamke mnene mwenye maneno machache na mazito. Na yupo Redio, ambaye hana kitufe cha kumzimia. Kila mmoja aliamua kufidia miaka ya uongo kwa ndoo. Kibonge alimwaga asubuhi. Redio mchana. Mlinzi anayefunga milango jioni, naye akamwaga. Shangazi aliwakataza Jumatatu, wakaitikia vizuri, na Jumanne udongo ulikuwa uji.

Wiki ya tatu nilimpelekea Shangazi chakula, mvua ikinyesha ile ya kuziba masikio. Nikamkuta amesimama mlangoni, tambara mkononi. Nikatazama anakotazama. Redio alikuwa katikati ya bustani. Mkono mmoja ameshika mwavuli. Mkono mwingine anamwagilia.

"Redio," Shangazi akaita. "Unafanya nini hapo?"

"Namwagilia, dada."

"Na hii inayonyesha ni nini?"

Redio akatoa kichwa nje ya mwavuli, akaangalia juu kwa makini, kama mtu aliyeombwa ushahidi.

"Hii ni mvua, dada. Mvua haitii saini."

Wiki ya nne tulifukua kitunguu kimoja. Kilikuwa laini kama ndizi iliyosahauliwa kwenye mkoba, na harufu yake sitaisimulia. Tukafukua cha pili. Tukafukua safu nzima. Vinka zilikuwa zimegeuka njano kuanzia chini, na bogenvilia zilinenepa majani kama kabichi, bila ua hata la kudanganyia. Shangazi aliketi juu ya tairi, vitunguu vilivyooza vimejaa mapajani.

"Makopo yangu kumi na manne hayajawahi kufa," akasema. "Hata nilipolazwa hayakufa. Haya yamekufa kwa kuhudumiwa."

Akainuka na mikono yake vile vile, na ile harufu, moja kwa moja hadi ofisini kwa Katibu. Nilibaki mlangoni, lakini mlango wa Katibu haufungiki vizuri. Fundi ameombwa, ombi limepokelewa.

"Katibu, uwazuie hawa watu. Wanayazamisha maua."

"Mstari wa bustani upo kwenye daftari, mama. Daftari si langu, ni la makao makuu."

"Ufute huo mstari."

"Siwezi kufuta kilichochapwa."

"Basi waache visanduku wazi."

"Kisanduku kikiwa wazi kazi haikufanyika. Wakaguzi wakiniuliza, nitawaambia nini?"

"Waambie maua haya hayataki maji."

Nilisikia kalamu ikigonga meza.

"Hilo nitaliandika wapi?" akauliza, na kwa sauti yake alikuwa anataka kujua kweli.

Shangazi alirudi nyumbani akiongea peke yake njia nzima. Nilimpa maji, akanywa, akaniambia niache kumtazama kama sura ya kitabu. Kisha, akiwa anaosha mikono mara ya tatu, akanigeukia ghafla.

"Profesa. Yule mtu hataki maji."

"Nani?"

"Katibu. Hataki maji. Anataka saini."

Kesho yake aliwahi kazini na gundi. Akakata vipande vya karatasi, akaandika kwa mwandiko wake wa kulala upande mmoja, akabandika juu ya ule mstari wa mwisho, ukurasa kwa ukurasa mpaka wiki ya wakaguzi: NIMEFIKA BUSTANINI, SIKUMWAGILIA. Visanduku vikabaki vile vile, vitatu kwa siku. Katibu alipokuja kupitia, akakuta mstari, akakuta visanduku, akakuta saini zote tatu. Akageuza ukurasa.

"Yaani nitie saini kwamba sijafanya kitu?" Kibonge akauliza.

"Mara tatu kwa siku," Shangazi akamwambia.

Kibonge akafikiria. "Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi bila kutambuliwa," akasema, akachukua kalamu.

Redio ndiye aliyeteseka. Kila mchana alikwenda hadi kwenye bustani, akasimama mikono nyuma kama mtu aliye dukani bila hela, akayaangalia maua yakimwangalia, kisha akarudi kutia saini. Aliniambia hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Bwana Miche alitupa vitunguu vingine, baada ya kutusema kwanza mpaka akatosheka. Tukavifukia shingo nje. Mvua zikakatika, udongo ukakauka, ukapasuka juu. Vinka zikarudisha kijani, zikaanza kutoa maua mawili, matatu, kisha zikasahau kuhesabu. Bogenvilia zikasusa, zikamwaga majani nusu, na siku moja asubuhi ukuta ulikuwa mwekundu. Siku sita kabla ya ukaguzi, Shangazi alituita wote, na ndoo zote za kituo. Tuliloweka lile fungu la vitunguu kuanzia asubuhi hadi jioni. Siku hiyo Redio alifurahi mpaka akaimba. Kwenye daftari Shangazi aliandika kwa mkono wake: TUMEMWAGILIA, KWA MAKUSUDI.

Wakaguzi walikuja watatu. Vitunguu vilikuwa vimefunguka siku moja kabla yao, vyeupe na vya pinki iliyokolea, vimesimama kwenye vijiti vitupu bila jani, mamia. Ilipofika saa nne vile vijiua vya Katibu vikafunguka navyo, njano tupu hadi kwenye ngazi. Mkaguzi mmoja, mama wa makamo, alisimama akapiga picha kabla hajakumbuka kwamba yuko kazini. Wakatoa alama tisa kwa kumi. Wakati wa kuondoka yule mama akasema, "Pangekuwa na mawaridi mlangoni, mtu angedhani ni hoteli." Katibu akalirudia neno hilo, hoteli, taratibu, kama pipi.

Kesho yake Shangazi alivaa gauni la kanisani kwenda kuchukua barua. Nikamsindikiza. Katibu alimpongeza, akamkaribisha kiti, akafungua daftari.

"Mama, nimelipitia hili jambo kwa haki. Hebu ona mwenyewe. Siku zaidi ya arobaini, mara tatu kwa siku, watu watatu wametia saini kwamba hawakufanya kitu. Na alama ni tisa." Akalifunga daftari polepole. "Bustani hii haihitaji mtu. Nikikuweka pale, nitakuandikia ufanye kazi gani? Usimwagilie? Hiyo Redio anaifanya vizuri sana."

"Katibu, uliahidi."

"Niliahidi pakiwa na kazi. Umeimaliza kazi yenyewe, mama. Hongera sana."

Shangazi alitoka ofisini, akakunja gauni la kanisani juu ya magoti, akachukua tambara. Nilimwambia twende nyumbani. Akasema vigae mia nne na kumi na viwili haviwezi kujisafisha, havijatoka kwa Bwana Miche.

Jioni hakula. Alikaa kibarazani na makopo yake, akilitazama moja baada ya jingine kama anatafuta mchochezi.

"Nimechagua vizuri mno," akasema mwishowe. "Hilo ndilo kosa langu. Nimechagua maua yasiyonihitaji, na kweli hayanihitaji."

Hata mwaka wa pili wasingenifundisha la kusema hapo. Tulikaa hivyo mpaka akajigeuza kwenye kiti.

"Profesa. Kwenye hayo madaftari yako, ua gani linasumbua kuliko yote?"

"Waridi, Shangazi. Hilo halihitaji chuo."

"Linasumbuaje?"

Nikamweleza. Linataka maji kwenye shina, ukililowesha majani linapata madoa meusi. Wadudu wanalipenda kuliko watu. Lililonyauka likatwe, la sivyo halitoi lingine. Linataka kupunguzwa matawi, kulishwa, kupuliziwa maji ya sabuni, na ukimaliza yote hayo linakuchoma. Shangazi alisikiliza bila kunikatiza. Hajawahi kunisikiliza hivyo tangu nizaliwe.

"Andika yote hayo," akasema. "Kwa mistari. Na visanduku."

Tuliporudi kwa Bwana Miche, Shangazi alisema safari hii anataka maua yenye mama, baba na mjomba. Akatupa mawaridi kumi na mawili, akatupa na pole. Katibu aliyapokea kwa mikono miwili, maana kwake yalikuwa ni hoteli ikifika kwa mafungu. Shangazi akayapanda mlangoni, vizuri kabisa, hakuharibu kitu. Kisha akampa ukurasa niliouandika: mistari kumi na moja, visanduku thelathini na vitatu kwa siku. Katibu akausifu utaratibu, akaubandika kwenye daftari mwenyewe.

Kibonge alisoma hadi mstari wa nne, akauliza kama ule wa kutofanya kitu bado upo. Redio alichomwa na mwiba siku ya kwanza, akatangaza habari hiyo hadi maabara. Kila mmoja akarudi kwenye kazi yake ya zamani. Shangazi alipiga deki korido, akatia saini ya korido. Siku ya kwanza visanduku thelathini na vitatu vikabaki wazi. Siku ya pili sitini na sita. Siku ya nne majani yalikuwa na madoa, na nimeambiwa Katibu alisimama mbele ya daftari kwa muda mrefu, akitoa kalamu na kuirudisha mfukoni, maana ili atie saini mwenyewe ilibidi kwanza aguse waridi.

Barua ilitoka siku ya tano. Inasema Shangazi ni mtunza bustani kuanzia tarehe ile. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, inasema ataendelea na korido siku za Jumamosi hadi atakapopatikana mtu.

Huyo mtu hajapatikana. Ombi, nasikia, limepokelewa.

Ukipita pale siku za kazi utamkuta mlangoni, kwenye kigoda, mkono mmoja na mkasi, mwingine unakamua wadudu kwenye jani, na mdomo unayatukana mawaridi moja moja, kila moja kwa kosa lake. Anayachukia. Kule nyuma yake vinka zimejaa hadi zimemeza kibao, na hajazigusa tangu wakaguzi waondoke. Juzi nilimpelekea chakula, nikamuuliza magoti vipi.

"Magoti afadhali," akasema, akinyonya damu kwenye kidole gumba. "Shika hapa, hili tawi lina kiburi. Halafu leo siku gani?"

"Ijumaa, Shangazi."

Akayasugua magoti, akakata lile tawi.